Kusajili wauzaji wa Kariakoo kwenye soko la mtandaoni: fomu, ofisa wa mtaani, au kundi kwa mkupuo?

Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, anaweza kumaliza fomu ya usajili kwa dakika kumi. Wiki tatu baadaye duka lake la mtandaoni lina bidhaa nne, picha mbili kati ya hizo zina kivuli cha mpigaji, na oda pekee iliyoingia imefutwa kwa sababu "mzigo umeisha". Kwenye ripoti ya mwezi anahesabiwa kuwa muuzaji mpya. Kwa mteja aliyelipa akarudishiwa pesa, hakuna duka hapo.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauangalii njia ipi inaingiza majina mengi. Unaangalia njia ipi inatoa duka hai, yaani duka lililofikisha oda tatu mkononi mwa wateja bila kufuta hata moja. Ukitumia kipimo hicho, njia iliyoonekana rahisi mara nyingi inageuka kuwa ghali. Njia zenyewe ni tatu: muuzaji ajisajili mwenyewe kwa fomu, ofisa wa soko lako la mtandaoni aende dukani, au uingize kundi zima kupitia msambazaji au kiongozi wa wafanyabiashara.

| | Fomu | Ofisa dukani | Kundi |
|---|---|---|---|
| Anayejaza taarifa | Mwenye duka | Ofisa akiwa na mwenye duka | Msambazaji au kiongozi |
| Gharama inapoangukia | Matangazo, kisha simu za kufuatilia | Posho, nauli, bando | Kusafisha orodha |
| Panapokwama | Picha na bidhaa | Maduka hewa | Mzigo haujulikani uko wapi |
| Bidhaa zinazofaa | Nguo, viatu, vipodozi vya wauzaji wa Instagram | Wauza jumla wasio na muda | Simu, vifaa vya umeme, rangi |

Fomu

Uzuri wa fomu ni kwamba inafanya kazi saa sita usiku, wakati mfanyabiashara ameshafunga hesabu na amekaa na simu yake. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi inauliza mambo yote kwa pamoja. Mtu yuko nyuma ya kaunta, cheti cha TIN (namba ya mlipakodi) kiko kwa mhasibu, kitambulisho kiko nyumbani, na mteja anauliza bei ya dazeni. Akiifunga simu na fomu haikuhifadhi alichoandika, hatarudi.

Igawe. Sehemu ya kwanza iwe na mambo manne tu: jina la duka, namba ya simu, mahali lilipo, aina ya bidhaa. Baada ya hapo mruhusu aanze kupandisha bidhaa, zibaki zimefichwa hadi nyaraka zikaguliwe. Mtu ambaye ameshapiga picha tano ana sababu ya kutafuta cheti. Mtu ambaye hajafanya chochote hana. Na ukimkumbusha kwa SMS, taja kitu chenyewe. "Kimebaki kimoja: picha ya cheti cha TIN" inampa kazi ya kufanya. "Usajili wako haujakamilika" inamwacha palepale.

Kuna makosa madogo ya kiufundi yanayofukuza watu kimyakimya. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na kwenye kadi zimetenganishwa kwa vistari. TIN ina tarakimu 9, nayo huandikwa kwa vistari. Fomu ipokee vistari, nafasi au bila chochote, kisha ijisafishie yenyewe. Tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo fomu inaweza kugundua kosa papo hapo bila kuuliza mtu: mwezi wa 17 haupo. Picha nayo: simu nyingi zinapiga picha ya megabaiti 4 au zaidi, na fomu inayokataa kinachozidi 2 inamwambia mfanyabiashara kwamba cheti chake ni kibaya. Ipunguze ndani ya simu kabla ya kutuma.

Jambo la mwisho kuhusu fomu ni nani anavutwa nayo. Wanakuja wanaouza Instagram na WhatsApp tayari, wenye picha na mdomo wa kuuza lakini mzigo kidogo. Muuza jumla mwenye stoo mbili Mchikichini haji. Utapata bidhaa za aina nyingi, kila moja pisi mbili.

Ofisa wa mtaani

Kosa la kwanza hapa ni kudhani ziara moja inatosha. Zinahitajika mbili. Ya kwanza ni ya dakika ishirini: kueleza makato, kuweka alama ya mahali kwenye ramani, kupiga picha nyaraka, na kuchagua bidhaa kumi zinazotoka sana. Ya pili ni ya saa mbili, ya picha na kuandika bidhaa. Usizilazimishe kukaa siku moja. Mfanyabiashara akishaona ofisa amechukua nafasi ya kaunta kwa saa mbili na nusu, atakubali chochote ili aondoke. Epuka Jumamosi, Ijumaa mchana, na wiki mbili kabla ya Idi na Krismasi.

La pili ni nani anafundishwa. Mwenye duka yuko Guangzhou au yuko bandarini anafuatilia kontena. Anayepokea oda ni kijana wa dukani. Akaunti inapaswa kuwa na namba mbili tangu siku ya kwanza: ya mwenye duka kwa ajili ya pesa na mabadiliko ya akaunti, na ya kijana kwa ajili ya oda. Kijana asiweze kubadilisha namba ya kupokelea malipo. Soko lililoruka hatua hii hujikuta linasuluhisha ugomvi wa duka zima siku kijana anapoacha kazi.

Halafu maduka hewa. Ofisa anayelipwa kwa kila usajili atasajili duka la dada yake, duka moja mara mbili kwa namba tofauti, na fremu iliyofungwa tangu mwaka jana. Hata kumwajiri mwaminifu hakusaidii sana kama malipo yenyewe yanamfundisha njia ya mkato. Gawa malipo: theluthi moja nyaraka zikipita, mbili zilizobaki duka likifikisha oda ya tatu. Dai picha ya mbele ya duka yenye bango, iliyopigwa ndani ya programu na siyo kuchaguliwa kutoka kwenye simu. Mtu mwingine ofisini apigie duka moja kati ya kila kumi.

Na namba ya uhakiki inayokuja kwa SMS lazima iingie kwenye simu ya muuzaji. Ofisa akitumia namba yake "ili kuharakisha", akaunti ni ya ofisa. Akiondoka kazini, inaondoka naye.

Sasa hesabu, kwa tarakimu za mfano tu; weka zako. Tuseme ofisa anakugharimu shilingi 40,000 kwa siku pamoja na nauli na bando, na anakamilisha maduka 4. Hiyo ni 10,000 kwa duka. Yakibaki hai nusu, kila duka hai limekugharimu 20,000. Tuseme fomu inaletewa watu na matangazo kwa 1,500 kwa kila anayeanza kujaza, na kati ya 20 wanaoanza anabaki hai mmoja. Duka hai limekugharimu 30,000, na bado hujalipa mtu wa kupiga simu za kufuatilia. Fomu inakuwa nafuu pale tu wanaomaliza wanapokuwa wengi, ndiyo maana shilingi ya kwanza iende kwenye kurekebisha fomu, siyo kwenye tangazo la pili.

Kundi, na suala la winga

Msambazaji wa vifaa vya umeme mwenye maduka kumi na mawili chini yake anaweza kukupa faili moja lenye bidhaa mia nne. Kwa bidhaa zenye jina na namba ya modeli inayojulikana, hii ndiyo njia bora kuliko zote: bidhaa inaandikwa mara moja, wauzaji kadhaa wananing'inia chini yake na bei zao. Balbu ya wati 9 ya kampuni fulani ni ileile mtaa wa Uhuru na wa Msimbazi. Gauni siyo. Ukijaribu kuingiza nguo kwa mkupuo utapata mistari mia mbili yenye jina "gauni zuri".

Kagua faili kabla ya kulipandisha. Yatafutwe mambo matatu: bei ya dazeni iliyowekwa kama bei ya pisi, safu za bei zilizosoma mkato kama nukta kiasi kwamba 12,000 imekuwa 12, na bidhaa zinazojirudia kwa tahajia tofauti. Panga kwa bei kutoka ndogo kwenda kubwa na uangalie ncha zote mbili. Makosa mengi yanajitokeza hapo ndani ya dakika tano.

Lakini kundi linafungua mlango kwa winga. Winga wa Kariakoo hana duka, anajua maduka. Anapiga picha mzigo wa watu, anaweka cha juu chake, mteja akipatikana anakimbia kuuchukua. Ni kazi halali na wengine ni wauzaji hodari kuliko wenye maduka. Tatizo ni kwamba kwenye soko la mtandaoni mawinga watano wanaweza kuonyesha pea ileile ya mwisho ya kiatu, kila mmoja kwa bei yake, na oda nne zitafutwa. Pia hawezi kutoa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya duka ambalo si lake kwa bei aliyouza yeye.

Uamuzi ni wako, ila uufanye wazi. Ama unamkataa, ama unamsajili kwa sura yake halisi: wakala wa mauzo, huku kila bidhaa ikiwa imefungwa kwenye duka lenye mzigo na mwenye duka amekubali. Kibaya ni kumsajili kama duka huku kila mtu anajua. Kumtambua ni rahisi: omba picha ya bidhaa tatu unazochagua wewe, pembeni pawe na karatasi yenye tarehe ya leo na neno utakalomtajia muda huohuo. Mwenye mzigo anatuma ndani ya robo saa. Winga anahitaji kuzunguka.

Nyaraka

Orodha yenyewe ni fupi: namba ya NIDA, TIN kutoka TRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya halmashauri, na cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama anatumia jina la biashara badala ya jina lake. Mmachinga mwenye kitambulisho cha ujasiriamali bila TIN usimfungie mlango, lakini mwekee kikomo cha mauzo hadi apate. Dawa na vifaa tiba vinaangukia TMDA, mamlaka ya dawa. Vyakula na vipodozi viko TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Makundi haya yasionekane kwa mteja hadi mtu, siyo mashine, ameangalia kibali.

Kinachokwamisha siyo nyaraka kukosekana bali majina kutofautiana. TIN ina majina matatu, NIDA ina manne, bango la duka lina jina la mtoto wa kwanza, na laini ya simu imesajiliwa kwa kidole cha shemeji. Fomu ikikuta tofauti hukataa tu. Ofisa anauliza na kuandika sababu. Hapa ofisa anashinda bila ubishi.

Ila ofisa huyohuyo ndiye hatari yako kubwa kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Simu yake binafsi yenye picha mia mbili za vitambulisho vya watu, zikiwa pamoja na picha za harusi, ni tukio linalosubiri siku yake. Picha ipigwe ndani ya programu, iende moja kwa moja, isibaki kwenye simu. Na asitumiwe nyaraka WhatsApp, hata "kwa leo tu".

Makato na malipo

Hili lisemwe siku ya kwanza, kwa hesabu ya bidhaa ya muuzaji mwenyewe. Kiatu cha 30,000, kamisheni asilimia 10 ni 3,000. Kama soko limesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, kodi juu ya kamisheni ni 540. Mfuko wa kufungashia tuseme 500. Anapokea 25,960. Mwandikie kwenye karatasi na uiache dukani. Asiyeelezwa huigundua kwenye malipo ya kwanza, kisha anapandisha bei mtandaoni kuliko dukani, na mteja wa Dar akishaona hivyo anatumia soko lako kama orodha ya maduka ya kwenda kwa miguu.

Kabla ya malipo halisi tuma shilingi 1,000 ya majaribio na umwombe muuzaji asome jina na kiasi alichopokea. Lipa namba imetengenezwa kupokea pesa za wateja. Usiahidi kumlipa kupitia hapo kabla hujajaribu na mtandao husika. Ukilipa kila wiki, siku ileile, maswali ya "pesa yangu iko wapi" hupungua kuliko ukilipa kila baada ya siku kumi na nne. Muuza rejareja anazungusha mtaji mdogo; pesa iliyolala kwako wiki mbili ni mzigo ambao hakuweza kuongeza.

Orodha ya bidhaa

Hapa ndipo maduka mengi yanafia, kwa njia zote tatu. Sababu ni kwamba duka la Kariakoo halina orodha. Lina kumbukumbu. Mwenye duka anajua ana "raba zile za juzi, nyeusi na nyeupe, namba zote", na hilo linatosha dukani. Mtandaoni raba zilezile zenye rangi 3 na saizi 5 ni mistari 15, na kila mstari unahitaji idadi yake.

Usimwombe aandike mistari 15. Mpe bidhaa moja yenye gridi: rangi upande mmoja, saizi upande mwingine, aguse zilizopo. Anza na bidhaa kumi tu, na sharti liwe kwamba kila moja ina angalau pisi 3. Ikifika 2, ijifiche yenyewe. Utapoteza mauzo machache ya pisi za mwisho. Utaokoa oda nyingi za kufutwa, kwa sababu pisi hizo ndizo zinazouzwa kaunta wakati mtandaoni zinaonekana zipo.

Kipimo cha uuzaji kiulizwe kabla ya bei: pisi, pea, dazeni, katoni, au "bunda". Ukiuliza bei kwanza, muuza jumla atakupa bei ya dazeni kwa mazoea. Saizi za viatu ziandikwe kwa mfumo mmoja. 42 ya Ulaya na 8 ya Uingereza zikichanganyika kwenye duka moja, utarudishiwa viatu hadi uchoke. Kwa nguo, namba ya lebo haitoshi: pima kifua na urefu kwa sentimita, kwa sababu XL ya China mara nyingi inabana mtu anayevaa L.

Picha tatu kwa kila bidhaa zinatosha: mbele, lebo au soli, na moja yenye kitu cha kulinganisha ukubwa. Karatasi nyeupe ya manila nyuma na mwanga wa mlangoni ni bora kuliko taa ya dukani, ambayo hugeuza nyeupe kuwa njano. Upande mfupi wa picha usipungue pikseli 1,000. Picha zikitumwa WhatsApp kwa kawaida hupungua ubora. Zitumwe kama faili.

Nani aandike? Kwa fomu, muuzaji mwenyewe, na ataandika "kiatu kikali sana". Kwa ofisa, ofisa, na ataandika vizuri bidhaa kumi, kisha ya kumi na moja haitaongezwa kamwe kwa sababu hakuna aliyejifunza. Suluhisho la kati ni ofisa aandike tano na kijana wa dukani aandike tano zilizobaki ofisa akiwa amekaa kimya pembeni. Ni kazi ya kuchosha kuitazama. Lakini duka ambalo kijana ameandika bidhaa tano kwa mkono wake ndilo litakaloongeza ya kumi na moja.

Oda ya kwanza

Weka oda ya majaribio ndani ya saa 48 baada ya duka kufunguliwa, ununue kwa pesa halisi, na bodaboda afike kweli. Utagundua mambo ambayo fomu haikuuliza: duka liko ghorofa ya pili na ngazi ziko nyuma, jengo linafungwa saa kumi na mbili jioni, hakuna mifuko ya kufungashia, kijana amezima data ili kuokoa bando. Hilo la mwisho ni la kawaida mno kiasi kwamba taarifa ya oda haipaswi kutegemea programu peke yake. Itume kwa SMS pia, na baada ya dakika kumi bila jibu apigiwe simu.

Maelekezo ya kufika yaandikwe jinsi bodaboda anavyouliza: makutano ya mitaa, rangi ya jengo, ghorofa, duka la jirani linalojulikana. Alama ya ramani inakufikisha kwenye jengo. Fremu ziko themanini humo ndani.

Uchague nini

Kama una chini ya maduka 50, tumia ofisa peke yake, hata kama fomu yako ni nzuri. Bado hujui maswali ambayo fomu inapaswa kuuliza. Ukishapita hapo, fungua fomu kwa wote lakini ofisa aende kwa wale waliomaliza sehemu ya kwanza na kukwama. Huyo ameshaonyesha nia, na ziara moja kwake ina thamani ya ziara tatu za kubisha hodi mtaani. Kundi liache kwa bidhaa zenye modeli, na usilikubali kama kiongozi anakataa kila duka liwe na namba yake ya simu na ya malipo.

Duka lililokaa siku 14 bila kuthibitisha mzigo, lifiche kwa wateja na umpeleke ofisa mara moja. Akikuta fremu ina mpangaji mwingine, lifute duka hilo. Akikuta duka limejaa wateja na kijana anasema "tulisahau", punguza bidhaa zake kutoka kumi hadi tatu zinazotoka sana, uzipigie picha upya, na uanze naye hapo.